Mnunuzi Anunuapo Asichokiona: Khabari ya Asali ya Mpanda

Wanachama waliohudhuria mkutano mkuu uliopita watakumbuka kwamba, baada ya hesabu kusomwa, mzee wetu mmoja alisimama akauliza suali ambalo halikujibiwa siku ile. Alisema: "Bwana Katibu, mimi karafuu zangu naanika juu ya majamvi siku tano, jioni nazikusanya, asubuhi nazitandaza tena. Jirani yangu huanika juu ya lami, vumbi na magari vyote vyapita hapo, na siku ya tatu ameshatia guniani. Tukifika kituoni sote twapimiwa. Alichonizidi kwa uzito chakaribia kile nilichomzidi kwa daraja. Jee, majamvi yangu yananipa faida gani?"

Watu walicheka, lakini mzee hakuwa akicheka, na sisi tuliokaa mezani hatukuwa na jawabu la maana. Tuliahidi kumjibu katika jarida hili. Jawabu tumelikuta pahala ambapo hatukulitazamia, yaani ndani ya chupa mbili za asali zilizotoka Mpanda.

Mmoja wa wajumbe wa halmashauri yetu ana nduguye anayefanya kazi Mpanda, naye alikwenda kumzuru mwezi wa Julai. Kwa wale ambao hawajafika huko, Mpanda iko magharibi ya Tanzania Bara, nayo ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliokatwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Mtu atokaye kisiwani kwetu huvuka bahari hadi Unguja, akavuka tena hadi Dar es Salaam, akapanda gari moshi kupita Dodoma na Tabora. Kwenye stesheni ya Kaliua reli hugawika, moja ikaenda Kigoma na nyingine ikashuka kusini hadi Mpanda. Tawi hilo lilijengwa kwa ajili ya machimbo ya risasi. Machimbo yalikwisha zamani, reli ikabaki.

Nchi ile ina msitu mkubwa wa miombo, na msitu huo ndio shamba la nyuki. Wakonongo wa upande wa Inyonga, ambako sasa ni Wilaya ya Mlele, ni watu wa asali tangu mababu zao. Huchonga mizinga ya magogo, au huvua gome zima la mti wakalikunja likawa mzinga (na mti uliovuliwa gome hivyo hufa, ndiyo maana maofisa wa nyuki huwahimiza watu waache mizinga ya magome). Mizinga hutundikwa juu ya miti, na wakati wa kurina ukifika wanaume huhamia msituni, wakakaa kambini majuma kadhaa. Zamani asali nyingi ilikwisha katika pombe ya wanzuki, na kilichosafirishwa ng'ambo kikaleta fedha ni nta. Siku hizi asali yenyewe ina soko, na Bwana Mizengo Pinda, mzaliwa wa huko, alipokuwa Waziri Mkuu kutoka 2008 hadi 2015, hakuchoka kuwahimiza watu kufuga nyuki kila alipopata jukwaa.

Basi mjumbe wetu alinunua chupa mbili. Julai huko juu bara ni wakati wa baridi, hasa usiku. Alipofika nyumbani, theluthi ya chini ya kila chupa ilikuwa imeganda, ina chembechembe kama sukari. Chupa moja aliiweka kwake. Ya pili alimpelekea mkwewe. Jirani wa kwanza kuiona akasema, "Umeuziwa sukari." Wa pili akasema vivyo hivyo. Ikachovywa njiti ya kiberiti ikawashwa, ikawaka; ikamiminwa tone ndani ya gilasi ya maji, tone likazama bila kuchanganyika; mtoto mmoja akatumwa kuangalia kama sisimizi watakuja, wakaja. Majaribio mawili yalisema ni asali, moja likasema si asali, na watu wote wakaamini lile moja. Ama chupa ya mkwe, haikurudishwa, kwa adabu. Lakini mpaka leo iko juu ya kabati haijafunguliwa.

Sasa ukweli ni huu. Asali ni sukari za namna mbili hasa, glukosi na fruktosi, pamoja na maji kidogo. Glukosi ni nyingi kuliko maji yale yanavyoweza kuishika, kwa hiyo baada ya muda hujitenga ikawa chembechembe. Baridi huihimiza, na asali yenye glukosi nyingi zaidi huganda mapema zaidi. Ni asali ile ile. Ukiiweka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu itayeyuka tena. Ama yale majaribio, hakuna hata moja la kutegemea. Kiberiti huwaka ikiwa kilichochovywa hakina maji mengi, na maji ya sukari yaliyochemshwa yakawa mazito hayana maji mengi. Maji hayo hayo mazito nayo huzama katika gilasi. Na sisimizi hapendi sukari zaidi ya asali wala asali zaidi ya sukari, hupenda utamu.

Mtu atasema, basi mnunuzi ni mjinga, aelimishwe, yaishe. Sisi hatuoni hivyo. Mnunuzi si mjinga. Ana khofu, na khofu yake ina sababu. Barabarani huuzwa asali katika chupa za zamani za vinywaji, isiyo na jina wala tarehe, na wapo wanaotia sukari, wapo wanaokamua masega ambayo nyuki hawajayafunika, wakatoa asali mbichi yenye maji, itakayochacha. Mnunuzi ajua kwamba udanganyifu upo. Asichojua ni uko katika chupa ipi. Kwa hiyo hushika alama yoyote anayoweza kuiona kwa macho, hata ikiwa alama ya uongo.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu wa biashara na uchumi kwa muda mrefu. Mwaka 1970 mwanachuoni wa Marekani, Phillip Nelson, aliandika kwamba vitu vya sokoni ni namna mbili. Vingine mnunuzi huvijua kabla ya kununua, kwa kutazama na kushika, kama kitambaa au kiti. Vingine huvijua baada ya kuvitumia tu, kama samaki wa kopo. Mwaka 1973 Michael Darby na Edi Karni wakaongeza namna ya tatu: vitu ambavyo mnunuzi havijui hata baada ya kuvitumia, akalazimika kuamini. Walioteta na fundi wa gari wataelewa mara moja. Gari limerudi linakwenda, lakini kile kipuri alichokutoza, jee, kilihitaji kubadilishwa kweli? Asali imo katika namna hii ya tatu. Umeila, umeimaliza, ilikuwa tamu, na bado hujui kama ilikuwa asali tupu.

Mwaka huo huo wa 1970 George Akerlof aliandika makala juu ya soko la magari yaliyokwishatumika. Majarida matatu yaliikataa kabla ya la nne kuichapisha, na mwaka 2001 mwandishi wake alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenziwe wawili. Tuitumie hoja yake kwa asali, na bei tutakazotaja ni za mfano tu. Chupa ya asali safi ingestahili shilingi 10,000, na ya asali iliyochanganywa 4,000. Mnunuzi hawezi kuzipambanua. Kwa busara yake atatoa bei ya katikati, 7,000. Mwenye asali iliyochanganywa atafurahi sana. Mwenye asali safi, aliyekaa msituni majuma matatu, ataona bei haimrudishii jasho lake. Ama ataacha kuuza, ama naye atatia maji kidogo. Sasa asali safi imepungua sokoni. Mnunuzi akitambua atatoa 6,000, kisha 5,000, mpaka soko libakie na asali ya 4,000 peke yake. Hapana aliyetaka iwe hivyo. Mnunuzi alitaka asali safi na fedha yake anayo, muuzaji asali anayo, na bado hawakukutana.

Mzee wetu wa majamvi, kwa hesabu, alisema kweli tupu. Alikuwa akituhadithia makala ya Akerlof bila kuisoma.

Lakini khabari ya chupa iliyoganda yatuonyesha jambo ambalo twaliona zito kuliko hilo. Alama ya uongo ikishaaminiwa na wanunuzi, humlazimisha muuzaji mwema aharibu mali yake. Muuzaji wa asali akijua kwamba asali iliyoganda hainunuliwi, afanyeje? Huichemsha. Asali iliyochemshwa sana hukawia kuganda, hung'aa ndani ya chupa, na mnunuzi huipenda. Nayo imepoteza harufu yake, na vipimo vya maabara vyaonyesha mara moja kwamba imeunguzwa, hata nchi zenye kupima hazitaitaka. Mnunuzi amekimbia asali nzuri akaenda kununua ile iliyoharibiwa kwa ajili ya kumridhisha yeye.

Tusidhani kwamba hayo ni ya asali tu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha uchunguzi wao wa mbolea na mbegu za madukani nchini Uganda. Walikuta mbolea imepungukiwa kwa wastani asilimia 30 ya nguvu yake, na ile iliyoitwa mbegu ya mahindi chotara, chini ya nusu yake ndiyo iliyokuwa chotara ya kweli. Mkulima aliyekataa kununua hakuwa mvivu wala mshamba. Alikuwa amefanya hesabu. Kisha mwaka 2021 wakachapisha watafiti wengine uchunguzi wa mbolea ya urea katika Mkoa wa Morogoro, na huko mambo yakawa kinyume. Urea karibu yote ilikuwa na nguvu yake kamili, lakini wakulima wengi waliamini kwamba imeghushiwa. Kwa nini? Kwa sababu mifuko mingine ilikuwa na mabonge, au rangi yake imefifia. Mabonge hayo huletwa na unyevu wa hewa, na nguvu ya mbolea imo vile vile. Hii ni asali ya mkwe kabisa, imevaa nguo nyingine! Wakulima walipopewa majibu ya maabara walikuwa tayari kulipa zaidi.

Tena kuna suala la jina la pahala. Mwaka 1965 mtafiti Robert Schooler aliwaonyesha wanafunzi wa Guatemala bidhaa zile zile zilizobandikwa majina ya nchi mbalimbali, na bidhaa moja ikapewa sifa nzuri au mbaya kwa kufuata jina la nchi tu. Muulize mtu wa Dar es Salaam asali nzuri yatoka wapi, atakujibu Tabora. Mpanda huenda asiitaje, ingawa msitu ni mmoja na reli ni moja. Sisi Wapemba tusiwacheke watu wa Mpanda kwa hilo. Karafuu nyingi za nchi hii hutoka kisiwani kwetu, na duniani zajulikana kwa jina la karafuu za Zanzibar. Jina hilo ni mali kubwa. Lakini jina la nchi ni la watu wote, na kwa hiyo lina ile ile kasoro ya mzee: mwenye kulitunza na mwenye kulichafua hugawana faida sawasawa.

Na gunia la karafuu, jee, liko katika namna ipi ya zile tatu? Sehemu yake huonekana: makonyo yakiwemo, karafuu zisizo vichwa, zilizovunda kwa kulundikwa mbichi zikawa na weupe weupe, mwenye macho huziona akimwaga. Ukavu hujulikana kwa aliyezoea. Karafuu kavu ukiivunja hukatika kwa mlio, na iliyo mbichi hupinda. Kipimo cha kimataifa cha karafuu nzima ni maji yasiyozidi asilimia 12, kama vile cha asali ni yasiyozidi asilimia 20, na hayo hupimika kwa chombo. Lakini mnunuzi wa ng'ambo hayuko kituoni. Hakuona lami, hakuona tairi la gari. Kwake yeye sehemu kubwa ya gunia ni kitu cha kuamini, na kila akikuta mchanga katika gunia moja hupunguza imani yake kwa magunia mia.

Tuliosoma chuoni twaijua khabari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, vidole vyake vikagusa unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Naye akamuuliza kwa nini asiuweke ule unyevu juu, watu wauone. Twaona katika khabari hii kwamba mtu yule hakukatazwa kuuza nafaka iliyonyeshewa. Alilaumiwa kwa kuificha chini. Wanachuoni wa uchumi wamechukua karne nyingi kulifikia jambo hilo hilo.

Basi dawa ni nini? Akerlof mwenyewe alitaja dhamana, alama za biashara, na vyeti. Watu wa Mpanda nao wamo katika njia hiyo. Wafugaji wa Inyonga waliungana katika chama chao. Asali ikikusanywa pamoja yaweza kuchujwa na kupimwa maji yake kwa refraktomita, chombo kidogo cha kushika mkononi ambacho tone moja lamtosha, kisha ikatiwa katika chupa mpya yenye jina la aliyeijaza. Mfugaji mmoja mmoja hawezi kuyafanya hayo; gharama humshinda. Ama tumbaku, ambayo pia hulimwa sana Mpanda, hufunguliwa mbele ya mteuzi naye huitaja daraja lake, na mkulima hujua pale pale amekosea wapi. Sisi twadhani kule kujua pale pale kuna thamani kama ya bei yenyewe.

Lakini si kila alama yafaa. Mtafiti mmoja wa kike, Jie Bai, alifanya jaribio kwa wauza matikiti maji katika mji mmoja mkubwa wa Uchina. Baadhi ya wauzaji aliwapa karatasi za kubandika kwenye matikiti yao mazuri. Wengine aliwapa mashine ya kuchora chapa kwenye ganda lenyewe kwa mwanga mkali. Karatasi hazikuleta kitu, maana wanunuzi wa huko wamezoea kuona karatasi za kughushi. Chapa ya mashine ilileta matunda: wauzaji wake walianza kuchagua matikiti mazuri zaidi, wateja wakarudi, faida ikapanda. Kisha jaribio likaisha, mashine zikaondolewa, na soko likarejea lilivyokuwa. Muuzaji mdogo peke yake hakuweza kuendelea na gharama ile.

Tumelizungumza jaribio hili katika halmashauri kwa saa nzima, maana ndilo lililotufungua macho juu ya pendekezo letu la zamani la kuandika jina la chama kwa rangi juu ya magunia yote. Pendekezo hilo lilikuwa karatasi ya kubandika, hakuna zaidi. Jina lingekaa juu ya gunia la majamvi na juu ya gunia la lami bila kuchagua. Tumeliacha.

Badala yake, kwa msimu ujao tutajaribu jambo dogo zaidi. Kila mwanachama atakayekubali atapewa nambari yake, iliyoandikwa juu ya kitambaa na kushonwa ndani ya mdomo wa gunia. Kabla ya kupelekwa kituoni, gunia litamwagwa juu ya jamvi katika ghala la chama, mbele ya mwenyewe, na wakaguzi wawili watakaochaguliwa na wanachama. Likiwa na makonyo, mchanga au unyevu, litarudishwa kwa mwenyewe siku ile ile akalisafishe au akalianike tena, na sababu itaandikwa katika daftari lililo wazi kwa kila mwanachama. Yaliyopita yatapelekwa pamoja kama fungu moja la chama.

Tuseme na udhaifu wake. Karafuu zikishapokewa kituoni huchanganywa na nyingine, na nambari yetu haifiki kwa mnunuzi wa ng'ambo. Faida ya mwaka wa kwanza, basi, ni daraja tu: magunia machache yatakayoshushwa, na ubishi mchache kwenye mizani. Jirani wa lami halazimishwi kuingia, naye mwaka huo ataendelea kupata uzito wake. Hatuwezi kumwahidi mzee wetu zaidi ya hayo. Lakini baada ya misimu miwili au mitatu tutakuwa na daftari la kuonyesha, na mwenye daftari ana neno la kusema anapozungumza bei ya fungu lake. Asiyenalo atabaki kuapa tu.

Tulimsomea mzee makala hii kabla haijapigwa chapa. Alisikiliza hadi mwisho, akasema jina lake liandikwe la kwanza, kisha akauliza magunia ya Katibu yatakaguliwa na nani. Tumemjibu kwamba yatakaguliwa na yeye.

Wanaotaka kuingia katika jaribio watoe majina kwa makarani wa matawi yao kabla mavuno hayajaanza, na waseme wana majamvi mangapi na wanatazamia magunia mangapi. Kitambaa na uzi vitatolewa na chama bila ya malipo. Daftari la majina litafungwa siku wachumaji wa kwanza watakapopanda mikarafuu.